Shajara ya Mradi: Kuchagua Polishi ya Hatua Moja kwa Mark X Nyeusi

Jumamosi, 7 Juni

Masika yamekwisha, tope limekauka barabarani, na leo nimeanza rasmi mradi niliouahirisha tangu mwaka jana: kuchagua polishi moja ya hatua moja itakayotosha kuitunza rangi nyeusi ya Toyota Mark X ya mwaka 2006, gari ninalolitumia kila siku kati ya Kigamboni na katikati ya jiji la Dar es Salaam. Nimeandika "kuitunza" kwa makusudi. Gari hili halitapelekwa kwenye maonyesho. Linalala chini ya banda la mabati, linapigwa na upepo wa bahari wenye chumvi, linapita kwenye vumbi la barabara za mtaa, na asubuhi nyingi nalikuta limechafuliwa na kunguru wanaolala kwenye mwembe wa jirani. Ninachokitafuta ni polishi ambayo mara moja kwa mwaka, kwa kazi ya siku moja, itapunguza mikwaruzo iliyojengeka, itarudisha weusi uliofifia, na haitakula rangi kiasi cha kuniachia bodi tupu baada ya miaka michache.

Kwa kawaida, fundi anayefufua rangi iliyochoka hupita juu yake mara mbili au tatu. Huanza na kompaundi yenye chembe kali inayokata mikwaruzo, hufuatisha polishi laini inayofuta alama zilizoachwa na kompaundi, kisha humalizia kwa nta au kinga ya aina nyingine. Polishi ya hatua moja hukusanya kazi hizo katika chupa moja, na hapo pana jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi: chini ya jina hilo moja zimo bidhaa za aina mbili. Aina ya kwanza ni polishi isiyo na nta wala silikoni, ambayo hukata na kung'arisha kwa mpito mmoja lakini huiacha rangi bila kinga. Aina ya pili ni ile inayoitwa tatu kwa moja, ambayo ndani yake mna chembe za kusugua, mafuta ya kulainisha, na nta au polima inayobaki juu ya rangi. Hii ya pili huokoa muda, lakini mafuta na nta yake huzifanya chembe ziteleze, hivyo hukata kidogo zaidi, na sehemu ya mng'ao wake hutokana na kuijaza mikwaruzo. Swali la mradi huu ni aina ipi kati ya hizo mbili inalifaa gari langu, na kwa sponji gani.

Nimeanza kwa kuliosha vizuri, kwa ndoo mbili, moja ya maji ya shampuu na nyingine ya kusuuzia glavu ya kuoshea, ili mchanga unaotoka kwenye milango usirudishwe juu ya boneti. Maji ya kusuuza mara ya mwisho nimeyatoa kwenye tangi la mvua niliyoikinga mwezi Aprili, kwa sababu maji ya kisima chetu yana madini mengi, na yakikaukia juani juu ya rangi nyeusi huacha miviringo myeupe ambayo baada ya siku chache haifutiki kwa kitambaa.

Saa tano asubuhi nimelitoa juani na kulikagua kipande kwa kipande. Kuzunguka taswira ya jua kwenye boneti palionekana mikwaruzo myembamba iliyojipanga kwa miduara kama utando wa buibui, na nilipohama hatua moja kulia, utando nao ulihama pamoja na jua. Kwa kweli mikwaruzo hiyo imeelekea kila upande. Jicho huona ile tu ambayo pembe yake inaurudisha mwanga kwake, ndiyo maana huonekana kama miduara. Gari jeupe lililooshwa kwa namna ileile lina mikwaruzo ileile, lakini rangi nyeupe yenyewe hutawanya mwanga pande zote, na mwanga wa ukingo wa mkwaruzo hupotea humo. Rangi nyeusi humeza karibu mwanga wote unaoingia ndani yake na kubakiza ule tu unaoakisiwa na uso wake kama kioo, kwa hiyo kila ukingo uliochongeka huonekana kama punje za unga zilizomwagikia kaniki.

Milangoni kuna tatizo jingine. Mwaka juzi nilimwachia fundi mmoja gari hili, naye akalipiga polishi kwa mashine ya duara ya kasi yenye sufi ngumu. Jioni ile liling'aa. Baada ya wiki tatu, mafuta ya kompaundi yalipokwisha kuoshwa, mwanga wa taa za barabarani ulionyesha mawimbi ya kijivu yanayofuata mkono wa fundi kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Yapo mpaka leo, na ndiyo yaliyonifundisha kutoamini mng'ao wa siku ya kwanza.

Jumapili, 8 Juni

Nimeazima kipimo cha unene wa rangi kutoka kwa rafiki anayekagua magari yaliyotumika kabla hayajanunuliwa. Paa limesoma kati ya mikroni 96 na 102 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), boneti 99 hadi 107, milango minne 105 hadi 115. Hizo ni namba za rangi ya kiwandani ambayo haijaguswa sana. Fenda ya nyuma kushoto, hata hivyo, imesoma mikroni 258 mahali pamoja na 290 mahali pengine, maana yake ilishapakwa upya. Bampa ni za plastiki, na kipimo hiki hufanya kazi juu ya chuma tu, kwa hiyo nimeziacha.

Kibati cha utambulisho wa gari kinaonyesha rangi namba 202. Nilikuwa nimewahi kusikia kwamba nyeusi hiyo ya Toyota, katika magari mengi ya miaka ile, ilipakwa bila klia, lile tabaka la uwazi linalofunika rangi, yaani rangi yenyewe ndiyo tabaka la juu, lakini sikuwahi kulipima jambo hilo kwa macho yangu. Nilitia tone la polishi kwenye kitambaa cheupe cha pamba na kusugua kwa kidole sehemu ndogo iliyo nyuma ya kibati cha namba za usajili. Kitambaa kilitoka na doa jeusi kama masizi ya sufuria.

Jirani yetu, mzee aliyepaka rangi magari kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, alikuwa amesimama upande wa pili wa ua akiniangalia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekiona kitambaa chako?"

Nikamwambia nilidhani ni uchafu uliobaki.

"Umeosha jana, uchafu utoke wapi? Gari hili halina klia. Unachokifuta hapo ni rangi yenyewe. Sasa lete kitambaa kingine, ujaribu na fenda ile ya nyuma."

Nilifanya hivyo, na kitambaa kilirudi cheupe, chenye alama ya polishi tu. Mzee alitikisa kichwa kuashiria kwamba ndivyo alivyotegemea: fenda ilipakwa hapa nchini, na aliyeipaka aliweka klia juu.

Ugunduzi huo umebadilisha vigezo vyangu vyote. Katika gari lenye klia, tabaka la juu kabisa ni uwazi wa mikroni 40 hivi, na polishi hukata uwazi huo bila kuigusa rangi iliyo chini. Katika gari langu kila mpito wa mashine unaondoa weusi wenyewe, na nyeusi hii ni laini: hukwaruzika kwa urahisi, hukatika kwa urahisi, na hushika alama za kitambaa kibaya hata wakati wa kufuta polishi. Nilikuwa nimepanga kuchagua polishi kwa nguvu yake ya kukata. Kuanzia leo nitaichagua kwa uso inaouacha ikishafutwa, kwa sababu rangi laini kiasi hiki haihitaji nguvu ya kukatwa, inahitaji kitu kitakachopita juu yake bila kuacha alama mpya.

Jumamosi, 14 Juni

Leo ni siku ya majaribio. Nimechagua kifuniko cha buti, kwa kuwa ni bapa, kimekwaruzika kama boneti, na kikiharibika hakiko mbele ya macho yangu kila ninapoendesha. Kabla ya polishi nimekisafisha kwa hatua mbili ambazo sikubali kuziruka. Kwanza nimenyunyizia dawa ya kuyeyusha chembe za chuma zinazotokana na breki, nayo imegeuka zambarau mahali zilipokuwa zimejichimbia, hasa karibu na bampa. Kisha nimepitisha udongo wa kusafishia rangi ukiwa umelowa maji ya shampuu, mpaka kiganja kilipoteleza juu ya bodi bila kuhisi chenga. Polishi ikipigwa juu ya chenga, mashine huzikokota, na mkwaruzo unaotokea huwa mrefu kuliko wote uliokuwa unaondolewa.

Nimegawa buti kwa masking tepu katika miraba minne, kila mmoja wa sentimita 30. Mashine ni ile inayozunguka huku ikiyumba, yenye mwendo wa milimita 15, ambayo kwa rangi laini ni salama zaidi kuliko ile ya duara ya kasi, kwa sababu haikai mahali pamoja na kuchoma. Nimeiweka kasi ya nne kati ya sita, nikitumia sponji ya ugumu wa kati kwa miraba yote, sponji mpya kwa kila chupa, na matone matatu yenye ukubwa wa punje ya kunde. Mipito ni minne, miwili ya kulala na miwili ya kusimama, nikiikandamiza kwa uzito wa mkono tu.

Mraba wa kwanza nimeupa kompaundi ya kopo niliyoipata katika duka la rangi, aina ambayo mafundi wengi wa mtaani huitumia. Nimeiweka ili kuwe na kitu cha kulinganishia. Mraba wa pili umepata Super Resin Polish ya Autoglym ya Uingereza, polishi laini inayojulikana kwa kujaza na kung'arisha zaidi kuliko kukata. Wa tatu umepata Perfect Finish ya Sonax ya Ujerumani, isiyo na silikoni, ambayo kwa kipimo cha kampuni yenyewe ina namba 4 ya kukata na namba 6 ya mng'ao. Wa nne umepata ile ya tatu kwa moja ya Menzerna, nayo ya Ujerumani, yenye nta ya kanauba ndani yake.

Nilifikiria pia Meguiar's namba 7, ambayo imetumika kwa miaka mingi kulisha mafuta rangi zisizo na klia. Ni bidhaa ninayoiheshimu, lakini haikati kabisa na inadai hatua nyingine kabla na baada yake, kwa hiyo imetoka nje ya mipaka ya mradi huu.

Matokeo ya macho, dakika tano baada ya kufuta, ni haya. Kompaundi ya kopo imeondoa mikwaruzo yote, hata ile mirefu, na mahali pake imeacha ukungu wa kijivu uliotanda mraba mzima, kana kwamba mtu amepumulia kioo na pumzi haijakauka. Miraba mitatu iliyobaki yote ilikuwa myeusi tii, na kwa taa ya mkononi sikuweza kusema kwa hakika upi umeshinda. Wa pili ulikuwa na weusi wenye kina zaidi, ule weusi wa majimaji. Katika wa tatu taswira ya taa ilikuwa na kingo kali zaidi. Wa nne ulikuwa kati yao, na ndio uliofutika kwa urahisi kuliko wote, bila kuacha vumbi.

Sponji zote zimetoka nyeusi. Hata zile za polishi laini zilikuwa zimelowa wino mzito baada ya mraba mmoja tu, na nilipogusa ya mraba wa kwanza, kidole kilichafuka hadi kwenye kucha. Picha hiyo nimeipiga na kuihifadhi, ili nikishawishika siku moja kupita mara ya tano au ya sita kufukuza mkwaruzo mmoja, niitazame kwanza.

Jumapili, 15 Juni

Jua la asubuhi limenionyesha kitu ambacho taa ya jana ilikificha. Mraba wa tatu na wa nne, nikiutazama kwa mshazari kabisa, kila mmoja una ukungu hafifu, mwembamba mno, lakini upo. Nilidhani ni kosa la polishi. Nimerudia kipande kidogo katika kila mraba kwa polishi ileile, kasi ileile, na mipito ileile, nikibadilisha kitu kimoja tu: sponji ya ugumu wa kati nimeiondoa na kuweka ile laini ya kumalizia. Ukungu umetoweka katika miraba yote miwili.

Kwa hiyo nusu ya kile nilichokuwa nikikiita ubora wa polishi ni kazi ya sponji. Kwenye fenda ya nyuma, yenye klia ngumu zaidi, nimejaribu kinyume chake: sponji laini imeacha karibu theluthi ya mikwaruzo, na ya ugumu wa kati imeondoa mingi bila ukungu wowote. Gari moja, chupa moja, sponji mbili. Sikuwa nimelifikiria suluhisho hilo, na limenifurahisha kwa sababu halinilazimishi kununua polishi ya pili kwa ajili ya fenda moja.

Jumamosi, 28 Juni

Wiki mbili zimepita na gari limeoshwa mara mbili. Hii ndiyo siku niliyokuwa naisubiri zaidi, kwa kuwa polishi yenye mafuta ya kujaza huonekana bora siku ya kwanza, na ukweli wake hujulikana baada ya shampuu kupita. Kwa tahadhari nimefuta kila mraba pia kwa spiriti iliyopunguzwa kwa maji mengi, sehemu moja ya spiriti kwa tisa za maji, nikigusa tu na kuondoa. Spiriti nzito ingeweza kuilainisha rangi isiyo na klia, na kitambaa kikavu kingeikwaruza. Kitambaa ni cha maikrofaiba chenye nyuzi ndefu, kilichofuliwa peke yake.

Katika mraba wa pili mikwaruzo imerudi, kwa kadiri ya macho yangu zaidi ya nusu yake. Sioni kwamba hiyo ni kasoro ya bidhaa. Imetengenezwa kuficha na kung'arisha, na kwa mtu anayefanya kazi kwa mkono bila mashine, au mwenye rangi nyembamba ambayo haifai kuguswa tena, huo ni uamuzi wa busara. Rangi yangu bado ina unene wa kutosha kukatwa kidogo, na nataka mkwaruzo ukiondoka uwe umeondoka.

Mraba wa tatu haujabadilika hata kidogo. Ulivyokuwa tarehe 15 ndivyo ulivyo leo. Mraba wa nne umerudisha mikwaruzo michache sana, ile mirefu zaidi, inayoonekana kwa taa tu na wala si kwa jua la kawaida.

Kama kigezo kingekuwa usafi wa uso peke yake, ningeandika jina la mraba wa tatu na kufunga daftari. Lakini nilipoumwagia maji, yalilala juu yake kama shuka, kwa sababu hauna kinga yoyote. Kwenye mraba wa nne maji yalijikusanya kuwa matone na kuteremka. Polishi isiyo na nta inanitaka niweke kinga siku ileile, na kwa gari linalolala karibu na bahari na chini ya kunguru siwezi kuiacha rangi tupu hata usiku mmoja: kinyesi kikikaa juu ya rangi laini mchana kutwa, jua huipasha moto na kuitanua, nayo ikipoa hujikunja kufuata umbo la ule uchafu, hivyo alama hubaki hata baada ya kuosha. Kuweka kinga ni mpito wa pili juu ya gari zima, kitambaa cha pili, na kufuta kwa pili. Kwa rangi inayokwaruzika kwa kufutwa, kila mguso ninaouepuka una faida yake.

Uamuzi wangu ni tatu kwa moja ya Menzerna, kwa sponji laini katika gari zima na ya ugumu wa kati kwenye fenda ya nyuma kushoto. Ninajua ninachokiacha. Mikwaruzo ile mirefu itabaki, na kwa makadirio ya macho yangu nitakuwa nimeondoa robo tatu hivi ya utando. Robo inayobaki ningeweza kuipata kwa mikroni kadhaa za weusi ambazo Toyota haitanirudishia. Chupa ya Sonax naihifadhi kwa ajili ya sehemu ndogondogo, kwa sababu ndiyo iliyoacha uso safi kuliko zote, na mtu mwenye rangi ya klia na karakana iliyofungwa angekuwa na sababu nzuri ya kuichagua yeye.

Jumatatu, 7 Julai

Sikukuu ya Sabasaba. Wengi wa mtaani wamekwenda viwanja vya maonyesho, nami nimepata siku nzima. Nimeanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bodi ikiwa baridi kama mtungi. Hilo ni la lazima kwa gari jeusi: ifikapo saa nne chuma chake hakigusiki kwa kiganja, na polishi inayowekwa juu ya chuma cha moto hukauka kabla ya chembe kumaliza kazi, ikaacha vumbi linaloganda. Hata chini ya banda nilisimama saa nne na nusu na kurudi saa kumi jioni.

Nimeziba kwa tepu kingo za milango, mistari ya bodi, na mipira ya madirisha. Kwenye kingo rangi huwa nyembamba kuliko mahali pengine, kwa sababu wakati wa kupakwa hutiririka na kuukimbia ukingo. Na mipira ikiingiwa na polishi hubaki na weupe usiotoka kwa wiki kadhaa. Nimefanya paa kwanza, kisha boneti, buti, fenda na milango, kila mara kipande cha sentimita 40 kwa 40, mkono ukitembea polepole, kila mpito ukiufunika nusu ya mpito uliotangulia.

Nataka nieleze boneti kwa kina, maana ndiyo iliyoniletea mashaka. Katika kipande cha tatu polishi ilianza kuburuza, na alama nyembamba zikatokea nyuma ya mashine. Nilizima, nikaigeuza sponji: uso wake ulikuwa umejaa rangi iliyogandamana, ngumu na ya kung'aa kama lami, na mashine ilikuwa inasugua rangi kwa rangi. Nikabadilisha sponji, nikairudia ile sehemu kwa mipito miwili, na alama zikaondoka. Kuanzia hapo nimekuwa nikiipiga brashi sponji baada ya kila kipande, na kuibadilisha kabisa baada ya kila sehemu mbili za bodi. Nilikuwa nimeandaa sponji laini nne. Nimetumia saba, tatu kati yake zikiwa nimezifua na kuzikausha juani wakati wa mapumziko ya mchana. Mwenye gari lenye klia hatalikuta jambo hili, kwa sababu sponji yake hubaki nyeupe, lakini mwenye nyeusi isiyo na klia aziandae mapema.

Milango imechukua muda kuliko nilivyotarajia kwa sababu ya mawimbi ya kijivu ya mwaka juzi. Kwa sponji laini na mipito minne yamepungua sana bila kwisha. Nilisimama mbele ya mlango wa dereva kwa dakika kadhaa, sponji ya ugumu wa kati ikiwa mkononi, kisha nikaitazama ile picha ya tarehe 14, nikairudisha sponji mahali pake.

Fenda ya nyuma kushoto imefanywa mwisho. Sponji imetoka nyeupe, kama Mzee alivyoonyesha.

Saa kumi na mbili jioni, kabla ya kuondoa tepu, nimepima tena. Paa, boneti na milango vimesoma namba zilezile za mwezi uliopita, na tofauti ya mikroni moja hapa na pale haizidi ile inayojitokeza nikipima mahali pamoja mara mbili. Kilichoondoka ni kidogo kuliko kipimo hiki kinavyoweza kuona, na sponji nyeusi saba zinathibitisha kwamba kipo kilichoondoka.

Jumamosi, 9 Agosti

Mwezi mmoja sasa. Gari limeoshwa mara nne, kila mara kwa ndoo mbili na kwa maji ya tangi ya kusuuzia, ambayo yanakaribia kwisha. Juu ya boneti maji bado yanajikusanya kuwa matone; kwenye milango, inakorushiwa matope, yameanza kulala. Utando wa jua haujarudi kwa kiasi cha kuonekana. Mikwaruzo mipya ipo katika vishimo vilivyo nyuma ya vishikio vya milango, ambako kucha na pete hugusa kila siku, na hapo mashine haiingii. Nimeweka tone moja la Sonax kwenye kipande cha sponji laini na kusugua kwa vidole viwili, dakika mbili kwa kila mlango, kisha nikapaka nta kidogo juu.

Jumamosi, 4 Oktoba

Kunguru walinitangulia wiki hii: doa lililokaa kutwa kwenye paa limeacha mviringo wenye ukubwa wa shilingi. Nimelilaza kitambaa kilicholowa maji kwa dakika kumi ili lilainike, nikalifuta bila kusugua, kisha nikapita kwa mkono kwa tatu kwa moja. Mviringo umefifia. Kwa jua la saa sita bado nauona, kwa kuwa najua ulipo.

Vuli iko karibu. Nimesafisha mfereji wa bati na kulirudisha tangi chini yake, na chupa, ambayo imebaki zaidi ya nusu, nimeifunga na kuiweka kabatini pamoja na sponji mbili mpya na karatasi yenye namba za kipimo, tayari kwa Juni.